Niligombana na rafiki yangu nikiwa nimelala ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani, wenye ajira na sisi tunaosubiri kuitwa.

Naandika huku nacheka peke yangu. Mama ameshachungulia mlangoni kuuliza kama niko sawa. Nimemwambia niko sawa. Ameondoka, ila kwa mwendo wa mtu ambaye hajaridhika.

Mbele yangu mezani kuna bakuli. Kilichokuja ndani yake ndicho kinachonichekesha, lakini nikikitaja sasa hivi hamtaona cha kuchekesha. Nivumilieni tufike.

Kisa ni changu na sitatia chumvi. Anayeweza kunisuta yumo humu humu jukwaani. Rafiki yangu Mishi husoma kila ninachoandika, na ana mdomo.

Kwanza mnijue. Naitwa Mutheu. Wazazi wangu ni Wakamba, baba alikuja Mombasa kufanya kazi kiwandani Changamwe. Mimi nimezaliwa na kukulia Likoni, mtaa wa Shika Adabu, na Kikamba changu kinaishia kwenye salamu. Nina digrii ya ununuzi na ugavi. Kazi sina. Kwa hiyo muda wa kuwaza ninao mwingi, na nautumia wote.

Ukiniandikia "sawa" bila kuongeza neno, nitakaa na hiyo "sawa" yako mpaka kesho. Nitajiuliza ni sawa ya kukubali au sawa ya kuchoka na mimi. Nikiona mtu anaandika, anaacha, anaandika tena, mimi huku nimeshajizika na kujiombolezea.

Mishi ni kinyume changu. Ni Mdigo, fundi wa kushona madera, nyumba yao inatazamana na yetu. Mishi husema kwanza, halafu kama kuna haja ndiyo huwaza. Tumekuwa pamoja tangu darasa la pili.

Na kati ya nyumba zetu mbili kuna bakuli. Ni la bati, lina maua ya buluu, ukingo umebambuka rangi. Hakuna anayekumbuka lilikuwa la nani. Jumapili mama akipika, hupakua humo na kulipeleka ng'ambo. Baada ya siku moja mbili hurudi na kitu: mahamri, mbaazi za nazi, viazi vya karai.

Ada yetu huku mnaijua. Jirani akikuletea chakula, chombo chake hukirudishi kitupu. Huna kitu? Tia ndimu. Huna ndimu? Tia sukari kidogo. Mwaka wa korona, mamake Mishi alitutilia majani ya mchaichai, na sote tulielewa na tukayanywa.

Shikeni hilo la bakuli.

Sasa, mwaka huu Mishi akaposwa. Mume ni mtu wa Ukunda, mpole, sina neno naye. Shida yangu ilikuwa dadake huyo bwana. Huyo dada alikuwa akimtumia Mishi ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba, na Mishi akiusikiliza kwa sauti ya juu huku akicheka mpaka anaacha cherehani. Nami nilikuwa nikicheka. Kwa meno tu.

Mishi alikuwa ahamie Ukunda baada ya harusi. Kila mtu mtaani alikuwa akiwaza atakula nini siku hiyo. Mimi nilikuwa nikiwaza: je, huyu bado ni rafiki yangu, au ni jirani tu ambaye amezoea kuniona?

Hilo ndilo swali lililonipeleka kwenye mashine.

Kwenye kundi letu la waliomaliza chuo mtu alituma tangazo. Kuna watafiti wanataka vijana, wawili wawili, marafiki wa karibu. Wanachunguza jinsi uhusiano wa mtu na wenzake unavyogusana na afya yake ya akili, na watapiga picha za ubongo kwa mashine ya MRI.

Wakuu, niliposoma hivyo nilisimama. Niliona majibu yangu mawili yamewekwa sahani moja. Kwanza nitajua kama huu ubongo wangu unaonisumbua ni mgonjwa au ni mzima. Pili, nitajua kama Mishi ananipenda kweli. Si wamesema marafiki? Si watatazama ndani?

Nikavuka kichochoro mbio.

"Wataka tukapigwe picha za vichwa?" Mishi akaniuliza, pini amezibana mdomoni.

"Za ndani ya kichwa."

"Ya ndani yaonekana?"

"Ndiyo."

Akatoa pini mdomoni, akazichomeka kifuani kwenye dera. "Haya. N'vae nini?"

Jumamosi tukavuka feri mpaka hospitali moja binafsi kule kisiwani. Watafiti walikuwa wamepewa nafasi ya kutumia mashine wakati haina wagonjwa. Aliyetupokea ni mwanadada mmoja kutoka Nairobi, mchangamfu, nitamwita Dokta Wairimu. Alieleza taratibu, hakuwa na haraka.

Akasema mashine haisomi mawazo. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi zaidi hupelekewa damu zaidi yenye oksijeni, na mashine hunasa mabadiliko hayo. Haina mionzi ile ya eksirei. Ni sumaku kubwa tu, ndiyo maana huingii na chuma.

Nikamuuliza kama imewahi kumvuta mtu. Akasema mtu hapana. Nikauliza, je, mtu mwenye madini mengi mwilini, aliyekula mboga nyingi za majani? Mishi akanikanyaga mguu.

Mpango ulikuwa hivi. Mimi nitaingia kwenye mashine, Mishi atakaa chumba kingine na kompyuta. Kuna mtu wa tatu, chumba kingine tena, ambaye hatumjui. Sote watatu tutacheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye skrini. Mpira ukikufikia unabonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia kuchagua wa kumrushia. Basi. Mtoto wa chekechea angeuweza.

Halafu akatuomba jambo moja. Tukimaliza tusizungumzie mchezo huo sisi kwa sisi mpaka tuje tena Jumamosi ifuatayo, ili tusiharibu majibu. Mishi akaapa wallahi hasemi. Mimi sikuapa lakini nilikubali kwa kichwa mara nyingi mno.

Nikalazwa. Kichwa kikafungiwa kitu kama helmeti ya boda boda yenye madirisha. Mkono mmoja nikapewa vitufe viwili vya mchezo, mwingine pampu ndogo ya mpira, nikizidiwa niibonyeze watanitoa.

Niliibonyeza kabla mashine haijawashwa.

"Kuna shida?" Dokta Wairimu akauliza kwenye spika.

"Hapana, nilikuwa nahakikisha inafanya kazi."

"Inafanya kazi."

"Asante."

Mashine ikaanza. Wakuu, mmewahi kukaa karibu na fundi wa mageti akikata chuma? Sasa jiwekeni ndani ya geti. Nikaambiwa nisitikise kichwa, na papo hapo pua ikaanza kuwasha, pua ambayo haikuwahi kuniwasha tangu Januari.

Mchezo ukaja. Vikaragosi vitatu kwenye skrini: Wewe, Mishi, Mgeni.

Mishi akanirushia. Nikamrushia. Mgeni akanirushia. Nikafurahi jamani, nikasahau pua. Nikasema moyoni, kumbe sayansi ni tamu hivi!

Halafu Mishi akamrushia Mgeni. Mgeni akamrudishia Mishi. Mishi akamrushia Mgeni.

Sawa, nikasema, zamu yangu yaja.

Mgeni, Mishi. Mishi, Mgeni. Mgeni, Mishi.

Nikaanza kumtetea. Labda kitufe chake kimekwama. Labda hajaelewa, na yeye si mtu wa kompyuta. Lakini mwanzoni alinirushia vizuri tu! Labda Mgeni ni mtu mzima na Mishi anamstahi. Labda Mgeni ni mrembo, ana kazi, ana vicheko kama vya yule wifi mtarajiwa. Labda Mgeni NDIYE yule wifi mtarajiwa!

Nikaanza kutafuta kosa langu. Nilikosa kwenda kumsaidia kuchambua mchele wa posa kwa sababu nilikuwa na mtihani wa ajira. Nilimwambia dera la zambarau linamfanya aonekane kama pazia. Nilikula kichwa cha samaki ambacho labda alikuwa amejiwekea.

Mpira ukaendelea kwenda na kurudi juu ya kikaragosi changu, nacho kimesimama pale na mikono yake mitupu.

Nikalia. Na ukilia umelala chali, kichwa kimefungwa, machozi hayaendi mashavuni. Yanaingia masikioni. Nilitoka kwenye mashine ile masikio yamejaa maji kama mtu aliyetoka kuogelea.

Mishi alikuwa amesimama kwenye korido. Uso ameukunja. Aliniangalia mara moja, akatazama ukutani.

"Haya, twende," akasema.

Mishi, ambaye kwenye feri husalimia mpaka watu wasiomjua, alikaa kimya njia nzima. Akanunua kachiri, zile za muhogo zenye pilipili. Kawaida pakiti ile huwa katikati yetu. Leo akala mwenyewe. Halafu, mbele ya macho yangu, akamkaribisha mama mmoja aliyekaa upande wake wa pili.

Mama yule akachukua. Mishi akachukua. Mama akachukua. Mishi akachukua.

Niliona kikaragosi changu kimekaa pale kwenye benchi, mikono mitupu.

Jumapili mama akapika muthokoi, yale mahindi yetu ya Kikamba yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Mamake Mishi anaupenda sana, ila akiupokea huuchemsha tena na tui la nazi, na mama kila akikumbuka hilo hushika kichwa. Bakuli likaenda kama kawaida.

Jumatatu asubuhi nikafungua mlango, nikalikuta juu ya kigoda. Hakuna hodi, hakuna mtu. Limeoshwa, limekaushwa.

Tupu.

Nililigeuza juu chini. Nikatazama chini ya kigoda. Nikaingia nalo jikoni nimelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba habari za msiba.

"Mama, tazama."

"Naona. Bakuli."

"Halina kitu."

"Labda wamesahau."

"Hawajasahau tangu niko darasa la pili."

"Basi labda hawakuwa na kitu."

"Hata ndimu, Mama? Hata majani ya mchaichai?"

Mama akaendelea kukatakata sukuma wiki. "Mutheu, ni bakuli."

Lakini halikuwa bakuli tu, wakuu, nanyi mnajua. Mashine ilikuwa imenionyesha, na sasa bakuli limethibitisha. Sikuwa na rafiki. Nilikuwa na jirani wa ng'ambo ya kichochoro anayehesabu siku za kwenda Ukunda.

Wiki ile sina hamu ya kuisimulia yote. Nilimwandikia Mishi ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika mfupi, nikaona mkali. Nikaandika "mambo", nikaona nimejishusha. Nikaona na yeye anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Ujumbe wenyewe haukuja. Bakuli likakaa kwetu kwenye rafu, limefunikwa juu chini, likinitazama. Halikuwahi kukaa kwetu siku zote hizo.

Katikati ya wiki nikakutana na mamake Mishi dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hupiti? Tumekukoseani?"

"Hapana mama, nilikuwa na shughuli."

Shughuli gani na kazi sina? Akaniangalia kwa huruma, akashusha sauti. "Na huyo mwenzio naye kanuna tangu Jumamosi. Jana kashona mikono ya dera nyuma mbele. Mteja kulijaribu, kasimama kama aliyefungwa pingu."

Mimi nikarudi nyumbani na swali jipya. Kwa nini anune yeye, na aliyenyimwa mpira ni mimi? Nikalala nalo, nikaamka nalo.

Jumamosi ya pili sikutaka kwenda. Mama akanitoa nje na mkoba wangu. "Umewapa watu ahadi. Ukalie hukohuko."

Tulipanda feri moja, benchi mbili tofauti.

Zamu hii Mishi ndiye wa kuingia kwenye mashine, mimi kwenye kompyuta. Na hapo kabla ya kuingia ndipo nilipokaribia kucheka, ingawa nilikuwa nimeapa kutocheka. Bwana anayeendesha mashine alimuuliza kama ana chuma chochote. Mishi akasema hana. Bwana akapitisha kigunduzi chake, kikalia. Mishi akatoa pini kwenye ushungi. Kikalia. Akatoa mbili kifuani. Kikalia. Akatoa kwenye mkono, kwenye pindo, nyingine hata mwenyewe hakujua ilikuwako.

"Dada," yule bwana akasema taratibu, "ukiingia hivi mashine itakushona."

Ikabidi avue nguo zake zote na kuvaa gauni la hospitali.

Nikaketi kwenye kompyuta yangu. Mchezo ule ule. Wewe, Mishi, Mgeni. Nikajikaza kupokea aibu yangu ya pili.

Mishi akanirushia.

Nikamrushia Mgeni, kwa adabu. Mgeni akamrushia Mishi. Mishi akanirushia mimi tena!

Nikakaa wima. Nikamrushia Mishi. Akampa Mgeni, Mgeni akanipa, nikampa Mishi, Mishi akanipa. Ukawa mpira wa watu wenye utu. Kila aliponirushia niliona anasema: basi, yaishe. Nami kila nilipomrushia nilikuwa nikijibu: yameisha, mwenzangu, yameisha. Nilikuwa nacheka na kulia peke yangu chumbani, nikibonyeza vitufe kama napiga piano.

Alipotoka, gauni la hospitali linapepea, nilikuwa nimeshafika kwenye korido. Akanyoosha mikono, nami nikanyoosha. Tukakumbatiana mpaka tukagonga kitoroli cha dawa.

"Nimekusamehe!" nikamwambia.

"Na mimi nimekusamehe!" akaniambia.

Tukaachiana.

"Wewe unisamehe nini?" tukasema pamoja.

"Si ulininyima mpira!" nikasema.

"Nani? Mimi? Wewe ndiye uloninyima mie! Jumamosi yote wamrushia mgeni wako, mie n'mekaa pale kama mkungu wa ndizi!"

"Mishi, mimi nilikuwa ndani ya mashine nalia mpaka masikioni!"

"Na mie n'likuwa na kompyuta nalia mpaka kwenye kibodi! Muulize Dokta!"

Dokta Wairimu alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa faili. Sijui alikuwa anacheka au anaogopa.

"Eh, nyinyi wawili," akasema. "Kujeni tukae."

Tukakaa. Akatueleza kwa upole, na nafikiri sitalisahau neno lake hata moja. Hatukuwa tukicheza pamoja. Mgeni hakuwako. Ule mpira uliendeshwa na programu tu. Jumamosi ya kwanza sote wawili tulitengwa na kompyuta, ili waone ubongo unafanya nini mtu anapohisi ameachwa nje. Jumamosi ya pili sote tulirushiwa sawasawa, ili walinganishe. Hakuweza kutuambia mapema, kwa sababu mtu akijua ni programu, haimuumi vilevile. Akatuomba radhi, akasema kama hatutaki data zetu zitumike zitafutwa, hatutaulizwa kwa nini.

Mishi akaanza kuhesabu kwa vidole. "Yaani tumegombana na kompyuta."

"Ndiyo," Dokta akasema.

"Na tumepatanishwa na kompyuta."

"Kwa namna fulani."

Mishi akanigeukia, nami nikamgeukia, na wakuu, tulicheka. Tulicheka mpaka yule bwana wa mashine akaja kuona kama kuna mtu anaumwa. Mishi aliteleza akakaa sakafuni na gauni lake la hospitali. Kila tukinyamaza, mmoja wetu alisema "Mgeni", tukaanza upya.

Halafu katikati ya kicheko Mishi akaacha. Akapangusa macho.

"Lakini la bakuli ni mimi," akasema.

Nikaacha kucheka na mimi.

"Mpira ulikuwa wa kompyuta. Bakuli n'lilirudisha mwenyewe. Mama alikuwa katia mahamri, mie n'kayatoa. N'kala yote nyuma ya nyumba, n'kaliosha, n'kaliweka pale n'kakimbia. N'litaka likuume."

"Liliniuma."

"Najua. N'lipofika kwetu liliniuma na mie, lakini mahamri nishakula." Akanishika mkono. "Nisamehe hilo. Hilo ni langu."

Na mimi nikamwambia langu: kwamba nilimleta hospitali kwa sababu nilitaka mashine iniambie kama bado ananipenda, na kwamba tangu aposwe namwonea wivu wifi ambaye sijawahi hata kumwona.

Mishi akanivuta mkono.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Mtu mwenye digrii, nimevuka feri kwenda kuuliza sumaku swali la mtu anayekaa hatua chache kutoka mlangoni kwetu.

"Yule wifi," akaongeza, "hunitumia zile sauti kunieleza mumewe anavyokoroma. Anamwiga. Nitakusikilizisha."

Kabla hatujaondoka nikamkabili Dokta Wairimu na swali langu lililobaki. Nikamwambia aniambie ukweli tu, niko tayari. Picha yangu inasema nini? Niko mzima?

Akasema kwenye picha zangu hakuna aliyeona kitu cha kumtia wasiwasi, lakini picha ya mtu mmoja haiwezi kusema huyu ana wasiwasi uliozidi au huyu ana upweke. Wao hulinganisha watu wengi, waone mienendo ya wengi. Hakuna mahali kwenye ubongo wangu palipoandikwa jina la Mishi. Na kwamba kuumia kwa kutengwa, hata na programu ya kijinga, si ugonjwa. Ni kwa sababu tunawajali watu.

"Lakini," akasema, "hizo fikira zinakunyima usingizi?"

Nikasema wakati mwingine.

"Basi hiyo hatuhitaji mashine. Unaongea na mtu." Akanielekeza kwa mshauri nasaha, na nimeshakwenda, na nitaendelea kwenda. Nalitaja bila aibu kwa sababu najua humu tuko wengi.

Picha moja ya ubongo wangu nilipewa nije nayo nyumbani. Mama ameitundika sebuleni pembeni ya picha ya mahafali. Wageni wakiuliza, anawaambia, "Huo ndio uliokula karo yangu."

Harusi ya Mishi ilifanyika, ikapendeza. Siku anaondoka kwenda Ukunda, watu walikuwa wakipakia mito na masufuria. Mimi nikavuka kichochoro na bakuli letu. Ndani nilikuwa nimetia muthokoi wa mama, moto, nimeufunika kitambaa. Nikaliweka mapajani mwake ndani ya gari.

Aliangalia bakuli, akaniangalia. Alikuwa ameelewa kabla sijatoa mkono. Chombo kimekwenda na chakula. Sasa ana deni la ada. Hawezi kukaa nacho, na hawezi kukirudisha kitupu.

Mimi nikarudi nyumbani, na nitakuwa mkweli, nikaanza kuwaza. Ukunda ni mbali kwa bakuli. Siku zikapita. Rafu ikabaki wazi. Nikawaza amelisahau. Nikawaza wifi amelitia nyanya. Safari hii lakini sikukaa na swali. Nilimpigia.

"Mishi, umelisahau bakuli?"

"Theu, niache," akasema. "Kuna kitu nashona."

Akakata simu! Miezi michache nyuma ningekufa. Safari hii nililala usingizi.

Leo asubuhi mamake Mishi amerudi kutoka kumtembelea. Amepiga hodi, ameingia, ameweka bakuli mezani. "Mwenzio asema ufungue mwenyewe, na mie amenikataza kuchungulia, njia nzima nawashwa."

Nikatoa kitambaa. Mahamri, yamejaa mpaka juu. Na juu ya mahamri, wakuu, kuna mpira.

Mpira mdogo wa nguo, umeshonwa kwa vipande vya madera: cha zambarau lile la pazia, cha kijani, cha maua. Umejazwa makombo ya vitambaa, mgumu, duara kabisa. Na kwenye mpira amechomeka pini yake moja, imeshika kikaratasi.

Kimeandikwa: "Shika."

Nimeshika. Nimekaa nao mkononi tangu asubuhi, nacheka kama mwehu.

Nililojifunza ni fupi. Mashine zile ni za ajabu na nawaheshimu wanaozitumia, kwa sababu wanatafuta jinsi ya kuwasaidia watu wanaoumia ndani bila kuonekana. Kama wakija mtaani kwenu wakitaka watu, nendeni. Lakini swali la rafiki yako mpelekee rafiki yako. Atakujibu mwenyewe, na wakati mwingine ataomba radhi kwa kula mahamri yako.

Sasa nisaidieni, wajuzi wa mapishi na wa mambo ya urafiki. Bakuli liko hapa, mpira uko hapa, na mamake Mishi anakwenda tena Ukunda wiki ijayo. Nitie nini humo kinachofanana na mpira ule? Mama anasema muthokoi. Mama husema muthokoi kwa kila kitu.

Na wewe uliyewahi kurudishiwa chombo kitupu, tuambie hapa ulifanyaje. Mishi, najua unasoma. Wewe usijibu. Wewe subiri, umeshanirushia.